Sketi ya Kitambaa cha Kijapani, kwa Asiyejua Kushona na Asiyetaka Kuambiwa

Mtu wa kwanza kutafutwa si fundi, ni ndugu aliyeko Japani. Siku hizi kila ukoo una wake: mpwa aliyekwenda kusomea uhandisi, kijana wa jirani anayeshughulika na magari, au binamu ambaye hakuna ajuaye hasa anafanya nini, ila picha zake zina theluji. Mpigie usiku wa manane, kwao kunapokucha. Mjulie hali, muulize masomo, mpe salamu za watu ambao hawajamsalimia, kisha mwambie kwa sauti ya mtu asiyependa kusumbua: "Mwanangu, ukipata nafasi, niletee kakitambaa ka huko. Kazuri. Kenye maua." Usitaje upana wala urefu. Usitaje pamba wala hariri. Ukitaja, ataleta unachotaka, na mwongozo huu utakosa kazi.

Mpwa mwenye adabu atakwenda Nippori, jijini Tokyo, kwenye mtaa wa karibu kilomita moja ambao maduka yake mengi yanauza vitambaa, vifungo, zipu na lesi. Kwa mtoto aliyezoea Kariakoo, kinachotatiza pale ni kwamba hakuna wa kumvuta mkono. Itabidi achague mwenyewe, na hapo ndipo atakapoponzeka. Atarudi na moja kati ya vitu viwili.

Cha kwanza ni jora la kimono, lenye upana wa sentimita 36 hadi 38 tu na urefu wa kama mita 12, linalotosha kumvika mtu mzima mmoja. Wengi wakilifungua mara ya kwanza hudhani wameletewa mtandio uliopitiliza. Cha pili ni pamba pana ya sentimita 110, inayouzwa kwa mita, imechapwa kiwandani maua, paka, mawimbi, au vyote vitatu kwa pamoja. Ukiletewa cha pili, mshukuru Mungu. Ukiletewa cha kwanza, mshukuru zaidi, ingawa sababu ya kushukuru utaiona baadaye, ukishamaliza kununa.

Wala usijione wa kwanza mtaani. Bibi yako alishavaa vya Japani kabla yako, bila kumkosesha usingizi mpwa wa mtu. Miaka ya 1930 pamba ya Japani ilimiminika Afrika Mashariki kwa bei ambayo viwanda vya Uingereza havikuiweza. Waingereza, pamoja na kuzishika bandari zote za pwani hii, hawakuweza kuibana kwa ushuru wake peke yake, kwa sababu mikataba ya Bonde la Kongo, waliyoitia saini wao wenyewe, iliwataka wamtoze kila muuzaji sawa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kanga nyingi zilizouzwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zilichapwa Japani. Wafanyabiashara wa pwani walituma michoro pamoja na majina ya kuandikwa, na mafundi wasiojua neno moja la Kiswahili wakayachapa, herufi kwa herufi, masimango ya mke mwenza kwa mke mwenzake. Ndipo vikaja viwanda vyetu, Urafiki wa Dar es Salaam mwaka 1968 ukiwa mmojawapo. Kwa hiyo atakayekuuliza unajifanya nani na kitambaa cha Kijapani, mwambie akaangalie kasha la bibi yake.

Sasa kitandaze kitandani ukikague pande zote mbili. Ukiona ua linang'aa sawasawa nje na ndani, umeshika kitambaa cha yukata, lile vazi jepesi la kiangazi, kilichotiwa rangi kwa birika. Ndiyo, birika. Fundi hukunja kitambaa kwenda na kurudi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hulipaka gundi kupitia karatasi iliyotobolewa mchoro. Gundi ikishakaa, huchukua birika lenye mdomo mwembamba na kumimina rangi juu ya rundo lote, na chini yake pampu huivuta rangi ipenye mpaka tabaka la mwisho. Penye gundi rangi haishiki. Kisha hugeuza rundo zima na kumimina tena. Ndiyo maana kitambaa hakina ndani wala nje. Kwa anayejifunza kushona hii ni rehema kubwa, kwa sababu balaa la kwanza la kila mwanafunzi ni kuunga kipande kimoja kikiwa kimegeuzwa, akaja kugundua ameshamaliza na kupiga pasi. Ukiwa na kitambaa cha birika unaweza kugeuza utakavyo. Ukiwa na kile cha kiwandani chenye uso na kisogo, tia alama ya chaki upande wa ndani wa kila kipande. Kila kipande, hata kile ambacho una hakika huwezi kukisahau. Hasa hicho.

Mchoro nao una adabu zake. Ule wa nyota zilizounganishwa ni majani ya katani, na Wajapani huwavisha vichanga kwa kuwa mmea huo hukua haraka na kwenda juu wima. Ule wa manyoya ya mshale ni wa bi harusi: mshale ukishatoka haurudi nyuma, naye asirudi kwao. Kereng'ende ni wa wapiganaji, kwa kuwa inasemekana huruka mbele tu. Korongo anaishi miaka 1,000 na kobe 10,000, angalau kwenye vitambaa. Maua ya mcheri huvaliwa kabla mti haujachanua. Ukishachanua, mwenye adabu huuachia mti uonekane wenyewe. Habari njema ni kwamba hakuna hata moja kati ya haya litakalokaguliwa kwenye kikao cha harusi Tabata. Unaweza kuingia umevaa nguo ya kichanga, katikati ya masika, ukiwa na mkoba wenye ari ya vita, na swali la pekee utakaloulizwa ni kama mchango wako umeshautoa.

Jambo moja tu la mchoro litakutesa kweli, nalo ni mwelekeo. Jora la kimono kwa kawaida limeshalimaliza, maana kimono haina mshono begani: kipande kimoja huanzia pindo la mbele, hupanda, hupita begani na kushuka mpaka pindo la nyuma. Mchoraji anajua kwamba ndege anayetazama juu kifuani atatazama chini mgongoni, hivyo huwachora wengine huku na wengine kule, wakagawana heshima. Pamba ya kiwandani haina huruma hiyo. Ikiwa na korongo, wote wanaruka upande mmoja, na wewe ukikata kipande cha mbele kikiwa wima na cha nyuma kikiwa kichwa chini, utatembea na ndege wanaopaa mbele na wanaoporomoka nyuma. Waumini watakaokaa nyuma yako kanisani watakuwa na saa mbili nzima za kuwahesabu.

Fua kabla ya kukata. Sheria hii kila mtu anaijua. Wa kuifuata ndiye adimu. Pamba hurudi ikipata maji, na heri irudi ikiwa bado kitambaa kuliko ikiwa imeshakuwa sketi. Loweka kwenye maji ya kawaida, anika kivulini, piga pasi ikiwa na unyevu kidogo. Buluu ya nili huchuja, kwa hiyo usiiloweke pamoja na kanzu ya mtu ambaye bado unaishi naye. Kama mpwa kakuletea hariri ya kukwaruza, ile yenye vijikunjo vidogo vidogo usoni, usithubutu kuigusisha maji. Itakusanyika mbele ya macho yako. Zamani Wajapani walipotaka kufua kimono nzuri waliifumua yote, wakaunga vipande vyake mpaka vikawa ukanda mmoja tena, wakafua, wakapaka wanga na kuukaza, ukikauka wakaushona upya. Usimsimulie dobi wako. Atapandisha bei.

Lakini kufumua huko kuliwezekana kwa sababu ambayo inatuhusu sana. Vipande vya kimono hukatwa moja kwa moja, vyote ni mistatili; hakuna kinachochongwa, hakuna duara la kwapa, hakuna kipande kinachotupwa. Kitambaa hiki hakijazoea kuonyeshwa mikunjo ya kiunoni, wala sketi ya kubana yenye dati nne na mpasuo nyuma. Anayekikata kwa michongo anaharibu mchoro, anaharibu kitambaa, na kwa kuwa ndiyo kwanza anajifunza, anaharibu na siku yake. Sketi yetu basi ni mistatili iliyoungwa, lastiki juu, pindo chini. Fundi wa kweli ataidharau. Fundi wa kweli alikuahidi gauni la Idi iliyopita.

Atatokea mtu wa kukushauri ununue kitabu cha Kijapani cha ushonaji. Picha zake ni za kumtoa mtu machozi: msichana mwembamba amesimama karibu na dirisha, amevaa sketi ya kijivu, anatazama kikombe. Mwishoni mwa kitabu kuna karatasi kubwa iliyokunjwa, na ukiikunjua utakuta nguo zote za kitabu zimechorwa juu yake, moja juu ya nyingine, kwa mistari inayopishana kama njia za daladala pale Kariakoo. Kazi yako ni kuufuata mstari wa sketi yako kwa kidole bila kuhamia kwenye koti la mtoto. Ukifanikiwa, kuna la pili: mara nyingi mistari hiyo haina nafasi ya mshono. Wao hutarajia uongeze mwenyewe sentimita moja pembeni na kadhaa kwenye pindo. Asiyelijua hili hushona sketi sahihi kabisa ya mtu mdogo wake. La tatu ni saizi, zinazokwenda 7, 9, 11, 13. Namba 11 ya Tokyo na nyonga ya Tanga hazijawahi kutambulishwa. Kiache kitabu mezani wageni wakione.

Pima mwili wako mwenyewe, kwa tepu ya kitambaa, si ya chuma ya yule jamaa anayejenga uzio. Unahitaji vipimo vitatu: kiuno pale unapotaka sketi ikae, nyonga pale palipo pana kuliko pote, na urefu kutoka kiunoni mpaka unapotaka ukomo. Wengi hujipima asubuhi kabla ya chai, wamevuta pumzi ndani. Huyo aliyevuta pumzi hatakwenda kwenye shughuli. Atakayekwenda ni yule aliyekula pilau. Jipime baada ya pilau. Na usimpe mumeo ashike tepu, kwa sababu atasoma namba kwa sauti.

Wajapani wenyewe waliwahi kusumbuana na vipimo. Kwa karne nyingi walipima kwa shaku, lakini shaku ya seremala ilikuwa kama sentimita 30.3 na shaku ya kitambaa kama 37.9, na kila upande uliona wa pili ndio unaokosea. Mwaka 1959 sheria ikaamuru biashara yote ipimwe kwa mita. Mafundi wa mbao na wa kimono wakaendelea na rula zao kwa kificho, mpaka miaka ya 1970 mtangazaji na mtunzi wa nyimbo Rokusuke Ei alipoanzisha kampeni ya kuwatetea. Nasi tuliopimiwa kitambaa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, huku wanunuzi wakikimbilia duka la mwenye mikono mirefu, hatuna haki ya kumcheka mtu. Shaku ndiyo inayoeleza ule wembamba wa jora lako: upana wake unakaribia shaku moja ya kitambaa.

Na wembamba huo ndio ile sababu ya kushukuru niliyokuahidi. Tuseme nyonga yako ni sentimita 110, na unataka sketi ya urefu wa sentimita 80. Ongeza 5 za njia ya lastiki na 5 za pindo, unapata 90. Kata vipande vinne vya sentimita 90 kutoka kwenye jora. Umetumia mita 3.6. Kila kipande kina upana wa kama 37, mshono ukila sentimita moja kila upande inabaki 35, mara nne ni 140. Inapita nyongani bila ugomvi, na kiunoni inajikusanya vizuri. Tena kingo za kitambaa zimefumwa zikafungwa huko huko kiwandani, kwa hiyo mishono yote minne ya wima haitatoka nyuzi. Hakuna kupeleka ovaloki, hakuna kupanga foleni kwa kijana mwenye mashine moja anayehudumia kata nzima. Mwenye pamba ya 110 naye ana hesabu rahisi, vipande viwili vya 90, ila sketi yake itakuwa na marinda mengi, na inafaa apunguze upana kama hataki kuongeza mwili alionao.

Tumefika kwenye mkasi, na hapa ndipo vitambaa vingi vya Kijapani hapa mjini vilipoishia. Vimekunjwa kabatini, katikati ya shuka za wageni na nondo, vikisubiri mwenyewe ajue kushona vizuri zaidi. Hatajua. Anayejifunzia kwenye vitambaa vibaya huwa hodari wa vitambaa vibaya. Hatari nyingine ni ya kijamii. Shangazi ataingia siku moja bila taarifa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kitambaa gani hicho?"

"Cha Kijapani. Nataka nishone sketi."

"Utashona wewe? Haya. Mbona kikubwa hivyo? Hapo hakitoki kilemba cha mtu?"

Ukimjibu kwamba bado hujakata, umekwisha. Kitambaa kisichokatwa ni mali ya ukoo. Kilichokatwa ni chako. Funga mlango, tandaza kitambaa mezani au kwenye sakafu iliyopigwa deki, pima mara mbili, piga mstari wa chaki kwa rula, na kata kwa mikato mirefu bila kufumba mkasi mpaka ncha, la sivyo ukingo utatoka na meno. Mkasi uwe wa nguo tu. Ule wa jikoni, uliokatia mapezi ya samaki na pakiti za maziwa, utakitafuna kitambaa usikikate. Ukishanunua mkasi wa nguo, ufiche. Si kwa sababu ya wezi. Kwa sababu mtoto wa darasa la tatu atahitaji kukata kadibodi saa mbili usiku, kazi inayotakiwa kesho.

Cherehani yoyote itafaa: ya mkono, ya miguu, au ya umeme kama una imani na umeme. Kinachosahaulika ni sindano. Watu hushonea sindano moja tangu cherehani ilipoingia ndani ya nyumba, iliyoshona mapazia, sare za shule na begi la jinzi, halafu wanashangaa inaruka nyuzi. Pamba laini ya yukata inataka namba 11. Namba 14 ni ya pamba nzito, 16 ni ya jinzi, na kitambaa cha Kijapani kikishonwa kwa 16 hubaki na vitundu hata ukifumua. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki. Uzi wa chini ukijifunga mafundo, usiilaumu cherehani: nyanyua mguu wake, toa uzi wa juu wote, utunge upya kutoka mwanzo. Tisa kati ya matatizo kumi huisha hapo, na la kumi ni bobini iliyowekwa kinyume.

Sindano itavunjika. Ikivunjika, usiitupe kwenye taka ambako itamsubiri mtu wa miguu mitupu. Japani wana siku yake. Tarehe 8 Februari, wanawake na mafundi hukusanyika kwenye ukumbi wa Awashima katika hekalu la Senso-ji, Asakusa, wakiwa na sindano zao zilizovunjika na zilizochoka, na kuzichomeka kwenye pande kubwa la tofu, ili baada ya maisha ya kupenya vitu vigumu zipumzike mahali laini. Kwingine, hasa upande wa Kyoto, hufanyika tarehe 8 Desemba. Kwetu tofu si kitu cha kila duka, lakini kila nyumba ina kipande cha keki ya harusi kilichosahaulika kwenye friji. Hakuna atakayekila tena. Chomeka humo.

Unga vipande viwili viwili, uso kwa uso, kwa pini au kwa bandi ya mkono kama huziamini pini. Piga pasi kila mshono kabla ya kwenda unaofuata. Nalisema hili bila kejeli yoyote: tofauti ya nguo iliyoshonwa nyumbani na nguo inayoonekana imeshonwa nyumbani ni pasi. Mwenye pasi ya mkaa aipulize nje kwanza, maana cheche moja juu ya korongo mweupe haiombewi msamaha.

Zipu. Usitie.

Lastiki ndiyo itakayokuonyesha tabia yako halisi. Kunja ukingo wa juu sentimita moja, kunja tena nne, shona chini kabisa ya mkunjo kuzunguka kiuno chote, na uache mlango wa kama sentimita tano. Kata lastiki pana ya sentimita tatu, fupi kuliko kiuno chako kwa kama sentimita tano. Chomeka pini ya nepi kwenye ncha moja, iingize mlangoni, na anza kuisukuma: kunja kitambaa mbele ya pini, shika pini, vuta kitambaa nyuma yake, rudia. Inakwenda kwa mwendo wa kobe yule wa miaka 10,000. Utafika mshono wa kwanza, pini itagoma kwenye unene wa kingo, utaibembeleza, itapita. Utafika wa pili. Karibu na wa tatu utajisifu, utavuta kwa nguvu, na ile ncha ya nyuma ya lastiki, ambayo hukuifunga popote, itaingia ndani ya njia na kupotea. Hapo ndipo mtu huanza upya. Dawa yake ingekugharimu pini moja tu: ibane ile ncha ya nyuma kwenye kitambaa kabla hujaanza. Lastiki ikishazunguka yote, laza ncha moja juu ya nyingine, zishone mraba wenye msalaba ndani, kisha funga mlango. Hakikisha haikujisokota njiani. Lastiki iliyojisokota humkaba mtu kiunoni sherehe nzima, na hawezi kueleza anakunja uso kwa nini.

Kabla ya pindo, vaa sketi usimame mlangoni, jua likiwa nyuma yako, na umwite mtu mkweli. Pamba ya kiangazi cha Tokyo ni nyepesi kwa makusudi, maana joto lao lina unyevu usiochezewa, na wenyeji huvaa nguo ya ndani chini ya yukata. Kama mtu mkweli ataanza kucheka, tafuta gagulo, au weka bitana ya pamba nyeupe. Ukiridhika, pima pindo kutoka sakafuni kwenda juu, si kutoka kiunoni kwenda chini, kwa sababu Mungu alituumba nyuma tofauti na mbele. Kunja moja, kunja nne, piga pasi, shona kwa mkono kwa mishono midogo isiyoonekana nje. Ukichoka, shona kwa cherehani kwa uzi wa rangi ya kitambaa na useme ndivyo mtindo ulivyo.

Jora lako limebakiwa na mita 8.4, na habari zake zimeshawafikia watu. Gawa kabla hujaombwa, na gawa kwa vipimo vyako: shangazi kilemba, wifi mfuko wa simu, mama mkwe kipande chochote atakachokichagua yeye mwenyewe, mbele ya mashahidi. Mpwa mpigie tena usiku wa manane umwambie kitambaa kilitosha kwa shida.

Siku ya shughuli ikifika, vaa. Wapo watakaokuuliza umenunua wapi. Wajibu Nippori, kwa sauti ya mtu anayepita huko kila mwisho wa wiki. Wapo watakaouliza fundi wako ni nani. Nyamaza kidogo, rekebisha mtandio, kisha useme. Na atakayekushika mkono akakuomba umshonee na yeye, tena kabla ya Jumamosi, mwambie ungependa sana, ila cherehani yako ina sindano moja tu, nayo iko kwenye keki.